Wenye Kamba Wasiotajwa: Uhakiki wa Filamu ya Hatari! (1962) katika Mandhari ya Momella na Mlima Meru

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kusambazwa na kampuni ya Paramount mwaka 1962. Sehemu kubwa ya picha zake ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi miezi ya mwanzo ya mwaka 1961. Makao ya wahusika wake, yaani kambi ya wakamata wanyama, yapo Momella, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Mkazi wa Usa River au Ngare Nanyuki akiitazama leo huutambua mlima bila kuelezwa.

Pamoja na ukaribu huo, filamu hii haijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili. Uhakiki wetu wa filamu umeelekea zaidi kwenye filamu za Bongo, jambo ambalo ni la haki, ilhali Hatari! imeachiwa vipeperushi vya utalii. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kuiacha hivyo ni hasara. Kazi iliyochukua jina lake kutoka Kiswahili na mandhari yake kutoka Meru inastahili kusomwa na watu wanaozijua lugha hiyo na mandhari hayo.

Msomaji huenda atatarajia uhakiki huu uongozwe na nadharia ya Baada-ukoloni. Nadharia hiyo inafaa, na kivuli chake kitaonekana humu. Hata hivyo, kuitumia peke yake kungetoa jibu kabla ya swali kuulizwa: kwamba filamu ya Marekani ya mwaka 1962 iliyopigwa Afrika ina mtazamo wa kikoloni, nani atashangaa? Makala haya yanachagua njia nyembamba zaidi. Hatari! ina kipimo chake yenyewe cha utu wa mtu, nacho ni kazi: anayeifanya vyema kazi ya hatari ni mwenzetu, hata awe ametoka wapi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu inashindwa kwa kipimo hichohicho ilichojiwekea, na kwamba ushahidi wa kushindwa kwake umo ndani ya picha zake zilizo bora kuliko zote.

2.0 Filamu na Wenzake wa Wakati Ule

Katika muongo mmoja kabla ya Hatari!, studio za Uingereza na Marekani zilikuja Afrika Mashariki mara nyingi. King Solomon's Mines ilitoka mwaka 1950; The African Queen na Where No Vultures Fly zilitoka mwaka 1951; Mogambo ya John Ford ikafuata mwaka 1953. The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952 inabeba jina la jirani mkubwa wa Meru, ingawa waigizaji wake walifanya sehemu kubwa ya kazi yao studioni Marekani. Nyingi kati ya hizi ni tamthilia za mapenzi na dhamiri. Mzungu anafika, Afrika inamjaribu, anajitambua, anaondoka au anakufa.

Hatari! haiendi hivyo, na hapo ndipo inapovutia. Wahusika wake hawaji kujitafuta. Wamekwishafika, wana magari, wana mikataba na bustani za wanyama za ng'ambo, na kila asubuhi wanaamkia kazini. Sean Mercer (John Wayne) anaongoza kundi la kukamata faru, twiga, punda milia, nyati na wengineo. Filamu inaanza kwa faru kumjeruhi mmoja wao, anayeitwa Indian. Baadaye anafika Dallas (Elsa Martinelli), mpigapicha wa Kiitaliano, ambaye kundi halikutarajia kwamba angekuwa mwanamke. Msuko unaishia karibu hapo. Kinachofuata kwa zaidi ya saa mbili ni mawindo ya siku, mapumziko ya jioni, mawindo tena, na mapenzi yanayochipuka polepole katikati. Mtazamaji anayetafuta kisa chenye fundo na ufumbuzi atachoka. Anayependa kuona watu wakifanya kazi hatachoka.

3.0 Kundi na Mipaka Yake

Wahakiki wa Hawks, tangu wale wa jarida la Cahiers du Cinéma la Ufaransa katika miaka ya 1950 hadi Robin Wood katika kitabu chake cha mwaka 1968, wamesisitiza kwamba moyo wa kazi zake ni kundi la watu wenye ujuzi. Katika Only Angels Have Wings (1939) ujuzi huo ni kurusha ndege za barua. Katika Rio Bravo (1959) ni kumlinda mfungwa asitoroshwe. Kundi halimuulizi mgeni kuhusu ukoo wala mali yake. Linamuuliza kama anaweza. Akiweza, anapewa nafasi mezani. Haya ni maadili yenye heshima, na mwandishi huyu hayadharau.

Katika Hatari! maadili hayo yanapanuliwa hadi kuvuka mataifa. Kundi lina Mmarekani, Mjerumani, Mmeksiko, kisha Mfaransa na Mwitaliano. Kurt (Hardy Krüger), Mjerumani, aliwahi kuwa dereva wa mashindano ya magari. Chips (Gérard Blain), Mfaransa, anajitokeza kuomba nafasi ya Indian akiwa bado hospitalini, na Kurt anamchukia papo hapo. Chuki inapungua kwa njia mbili. Kwanza, damu ya Chips ni ya aina adimu inayolingana na ya majeruhi, naye anakubali kuitoa. Pili, Sean anawashindanisha wawili hao kulenga shabaha, na wote wanaonekana kuwa hodari. Mfaransa na Mjerumani wanapatanishwa kwa damu na bunduki, miaka 15 tu baada ya vita kuu, katika nchi ambayo kabla ya vita ya kwanza ilikuwa koloni la Ujerumani. Ni ufumbuzi wa ustadi wa majeraha ya Ulaya. Lakini jambo moja linafaa kuzingatiwa: katika mji mzima wa Arusha, mtu anayeonekana kufaa kumtolea damu majeruhi ni mpita njia kutoka Ufaransa.

Alama nyingine ya kuingia kundini ni jina. Karibu kila mwanakundi ana jina la utani: Pockets, Chips, Brandy, Indian. Mwitaliano anafika akiwa na jina refu, Anna Maria D'Alessandro, na kabla hajazoea kitanda chake amekwishakuwa Dallas. Kupewa jina fupi ni kupokewa. Mtazamaji akijaribu kuorodhesha majina ya utani waliyopewa Waafrika wanaofanya kazi katika kambi ileile, karatasi yake itabaki tupu.

Sasa tuzitazame picha za mawindo, maana hapo ndipo filamu inapostahili sifa zake. Hawks hakutaka waigizaji wakae pembeni huku mafundi wakifanya kazi kwa niaba yao. Wayne mwenyewe anaketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, gari likikimbia sambamba na mnyama. Wanyama hawakuweza kufuata muswada, kwa hiyo sehemu kubwa ya matukio haya haikuandikwa kabla. Katika tukio mashuhuri, faru aliyekwisha kukamatwa anachomoka na kulazimika kukamatwa upya. Hilo halikupangwa, na Hawks akaliacha ndani ya filamu. Mpigapicha mkuu, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na ni vigumu kusema hakustahili. Vumbi ni vumbi kweli. Uzito wa mnyama unaonekana katika mikono ya watu.

Mikono ya akina nani? Ukilitazama tukio la faru mara ya kwanza, jicho linamfuata Wayne, kwa kuwa filamu imelifundisha hivyo. Ukilitazama mara ya pili kwa mwendo wa taratibu, unaona jambo jingine. Wanaume Waafrika wanashuka na kamba, wanamzunguka mnyama, wanavuta miguu, wanaruka nyuma pembe inapogeuka, wanarudi tena. Hatari anayoikabili Wayne ndiyo wanayoikabili wao, na pengine ni kubwa zaidi kwa wao, kwani wapo chini, kwa miguu. Wanajua pa kusimama. Wanajua wakati wa kuachia kamba. Ujuzi wa namna hii haufundishwi kwa wiki moja. Biashara ya kukamata wanyamapori kwa ajili ya bustani za ng'ambo ilikuwepo Arusha kabla Hawks hajafika, na mshauri wa filamu katika mambo ya ukamataji, Willy de Beer, alitoka katika biashara hiyohiyo. Watu wa kamba nao walikuwa watu wa kazi, si watu wa kujaza picha.

Kwa mantiki ya Hawks, basi, watu hawa wamefaulu mtihani. Wamefaulu mbele ya kamera, bila muswada, kwa mnyama wa kweli. Lakini jioni inapofika na wanakundi wanapokutana sebuleni kunywa, kutaniana na kupiga piano, wenye kamba hawapo. Mwafrika anayeingia katika chumba hicho anaingia kama mhudumu. Filamu haitoi sababu, kwa kuwa haioni kwamba kuna jambo la kutolewa sababu. Chips alipewa mtihani, akashinda, akaingia. Wenye kamba hawakupewa mtihani wowote ingawa waliufanya kila siku. Kosa hili ni kubwa kuliko dharau ya wazi. Dharau ya wazi ingewahitaji waonekane kwanza.

Mtu anaweza kujibu kwamba tunamdai msanii wa mwaka 1961 mambo ya leo. Pingamizi hili lina uzito pale tunapotumia kipimo chetu. Halina uzito tunapotumia chake. Hawks ndiye aliyesema, kwa filamu baada ya filamu, kwamba kazi ndiyo inayomtambulisha mtu.

4.0 Kiswahili cha Filamu

Neno «hatari», lililotufikia kutoka Kiarabu, ni nomino na pia ni onyo. Linapoandikwa kwenye kibao cha umeme au kando ya barabara iliyochimbwa, linamtaka anayesoma arudi nyuma. Vijana wa Arusha wameligeuza kuwa sifa: mwimbaji hodari ni hatari, na mchezaji anayewapita mabeki ni hatari. Katika matumizi yote haya kuna anayesema na anayeambiwa. Onyo haliwi onyo bila watu wawili.

Jina la filamu lina alama ya mshangao lakini halina watu hao wawili. Ni ukelele uliobandikwa juu ya bango, kwa ajili ya masikio ambayo hayatauelewa mpaka yatafsiriwe. Hata hivyo, Hawks anamzidi Ford: «hatari» ni neno letu halisi, ilhali «mogambo», linalodaiwa mara nyingi kuwa Kiswahili, halimo katika kamusi zetu kwa umbo hilo wala kwa maana ya mapenzi makali inayohusishwa nalo. Ndani ya filamu ya Hawks Kiswahili kinasikika, lakini kwa vipande: miito, maagizo, maneno mafupi kwa watumishi. Hakuna mazungumzo ya Waafrika wawili yanayomwezesha mtazamaji kujua wanachokifikiria. Kiswahili kinakwenda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini.

Kuna tukio moja linaloelekea kugeuza hali hiyo, nalo linahitaji kutazamwa kwa makini. Dallas anawalea watoto wa tembo, na wenyeji wanampa jina: Mama Tembo. Ni mahali pekee katika filamu ambapo Waafrika ndio wanaotoa jina. Wanafanya kile ambacho kundi la Sean humfanyia kila mgeni, yaani wanampokea kwa kumpa jina, na kwa sherehe juu yake. Kwa sekunde chache tunaona kundi la pili lenye utaratibu wake wa kupokea watu. Kisha tukio linageuzwa kuwa kichekesho cha mavazi na rangi, na Dallas anarudi sebuleni.

Msikilizaji wa Kiswahili ana kicheko chake cha pembeni hapa, ambacho watunzi wa filamu huenda hawakukijua. Tembo ni mnyama, na tembo ni pombe ya mnazi. Katika nchi iliyozoea kumwita mwanamke kwa biashara yake, kama mama ntilie, Mama Tembo angeweza kuwa na kilabu chake na wateja wake. Mwandishi hataki kuijenga hoja nzito juu ya utani. Anataka tu kuonesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuwacheka wanaokitumia bila kukisikiliza.

Isisemwe pia kwamba mwaka 1961 lugha hii ilikuwa bado haijaijua sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa imetengeneza filamu za Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu, inayomhusu mtu wa shamba anayekutana na ujanja wa mjini. Filamu hizo zilikuwa na shabaha za kiserikali na mafunzo ya wazi mno, na haifai kuzisifu kupita kiasi. Lakini ndani yake watu walizungumza, walidanganyana na walicheka kwa Kiswahili. Mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Hatari! ilipotoka mwaka 1962, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Nchi ambayo filamu ya Hawks inaionesha bila sauti ilikuwa ikiongozwa na mwigizaji wa filamu.

5.0 Ardhi ya Momella

Ukimya huo wa watu unaambatana na ukimya wa ardhi. Ndani ya filamu, shamba la Momella ni mali ya Brandy (Michèle Girardon), msichana aliyerithi kutoka kwa marehemu baba yake. Hakuna anayehoji haki hiyo. Swali pekee kuhusu mustakabali wa shamba ni swali la mapenzi: je, Brandy atamchagua Kurt, Chips, au Pockets? Ardhi inapita kutoka kwa baba kwenda kwa binti, kisha ielekee kwa mchumba, na nje ya ua kuna tambarare, mlima na wanyama tu.

Upande wa kaskazini, si mbali na Momella, ipo Ngare Nanyuki. Kuanzia Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka eneo hilo ili kupata ukanda mmoja wa mashamba ya mifugo ya walowezi, kufuatana na mapendekezo ya Tume ya Wilson. Nyumba zilichomwa. Watu walitakiwa kuhamia King'ori, ambako wengi walikataa kwenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Wawili hao baadaye waliandika kitabu kuhusu shauri hilo, kilichotoka mwaka 1967. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao wakati ule, lakini shauri liliisikilizisha dunia jina la Meru, na liliwafunza Watanganyika wengi jambo kuhusu siasa ambalo hawakulisahau TANU ilipoundwa mwaka 1954.

Haki ya Wameru juu ya Ngare Nanyuki ilitajwa kwa lugha ileile ya haki ya Brandy: baba zetu walikuwa hapa. Katika filamu, kauli hiyo ikitoka kwa binti wa mlowezi ni jambo la kawaida lisilohitaji ushahidi. Miaka tisa tu baada ya nyumba kuchomwa, kamera ilizunguka eneo hilo ikaona nyika iliyo wazi. Uwazi huo haukuwa wa asili. Sehemu yake ulikuwa umetengenezwa kwa amri. Hapa usawiri wa mandhari hauwezi kutenganishwa na historia, na hata mtazamaji anayeipenda filamu hii, kama mwandishi huyu anavyoipenda katika baadhi ya sehemu zake, hawezi tena kuyatazama majani yale kwa utulivu.

Wakati wenyewe unaongeza uzito. Waigizaji walipokuwa wakikimbiza wanyama, Julius Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi, na mnamo Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika Dar es Salaam. Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, ambayo baadaye ilipanuliwa na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1960. Mnamo Septemba 1961 Arusha ilipokea mkutano wa uhifadhi uliotoa tamko la Nyerere kuhusu wanyamapori, na tarehe 9 Desemba Tanganyika ikawa huru. Hakuna hata kimoja kinachosikika Momella ya Hawks. Watoto wa tembo wanapomfuata Dallas katika mitaa ya Arusha mwishoni mwa filamu, mji uliokuwa ukisubiri Uhuru unakuwa ukumbi wa kichekesho.

Baada ya filamu, maisha yaliiga sanaa. Hardy Krüger alinunua shamba Momella, akajenga nyumba ya wageni na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Hoteli ya Hatari Lodge iliyopo huko leo imechukua jina la filamu. Neno lililochukuliwa kwetu likaenda Hollywood limerudi likiwa nembo, na mgeni anayefika anaoneshwa alipokaa Wayne.

Hakuna anayeoneshwa waliposimama wenye kamba. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1961 sasa amevuka miaka 80. Baadhi yao, kama bado wapo, huenda wako Ngare Nanyuki, Leguruki, King'ori, Usa River au mjini Arusha, na wajukuu wao wana simu zinazoweza kuionesha filamu nzima. Utafiti unaopendekezwa hapa hauhitaji nyenzo kubwa: kuketi na wazee hao, kuisimamisha picha kila uso unapotokea katika tukio la faru, na kuuliza huyu ni nani, alikuwa mtoto wa nani, alilipwa kiasi gani, na neno gani la Kiswahili, Kimeru au Kimaasai lilipigwa kelele pale kamba ilipokatika.